Mbegu tuliyokuwa tunapuliza kwa gazeti, huku ni yuro 9 moja

Leo asubuhi nimefungua mlango wa balkoni nikakuta mmea wangu wa bangi umekufa. Baridi ya usiku mmoja tu, majani yamelegea kama sukuma wiki iliyosahauliwa kwa sufuria. Nimekasirika hadi nimeona niandike hapa kabla niende kazi.

Hadithi ilianza mwezi wa nne. Niliingia duka moja hapa Berlin kununua udongo wa maua, sina mpango mwingine, nikaona kwa kaunta kifriji cha kioo kama kile cha soda, ndani paketi za mbegu za bangi zimepangwa vizuri kushinda dawa kwa duka la dawa la mtaa wetu. Moja imeandikwa Kenya. Chini yake, aina ya asili ya milimani. Mbegu 5, yuro 45. Nikasimama hapo nikipiga hesabu, hiyo ni karibu elfu saba, wasee, elfu saba mbegu tano! Na nikanunua, usinicheke.

Sasa nyinyi mliokulia Dagoretti, Kayole, Kibra, popote, mnajua hiyo mbegu tulikuwa tunaifanyia nini. Hata kama hukuvuta umeona. Jamaa anamwaga kete kwa gazeti, anainamisha gazeti kidogo, mbegu zinabingirika upande mmoja, fuuu, anapuliza. Ukiiacha ndani itapasuka kama bisi ikutoboe shati. Halafu mvua ndefu ikianza unaona mche umejitokeza kando ya mtaro, umesimama wima, kijani safi, unakaa hapo hadi siku karao apite. Hiyo ndiyo imekuwa benki yetu ya mbegu. Mtaro.

Najua mshaanza, "huyu ameenda juzi tu na sasa anatufundisha maisha." Tulieni. Sisemi huku ni mbinguni, huku ukiweka chupa kwa pipa la karatasi jirani anakuandikia barua. Na mimi si mvutaji, nikivuta saa mbili usiku nishalala. Naongea kuhusu mbegu, basi. Kuku wa kienyeji mnalipa bei ya juu kushinda broila bila kunung'unika. Managu na saga, chakula tulichokuwa tunaficha wageni wakija, leo ziko supamaketi na stika juu. Pale Muguga serikali ina benki ya mbegu tangu 1988. Kabete miaka ya 1930 walichagua kahawa ya SL28 kutoka kwa miti ya Tanganyika iliyovumilia ukame, na leo huku mtu anainywa amefunga macho kama anaomba. Kwa hivyo kutunza kitu cha kienyeji tunajua sana. Ni hii moja tu ikitajwa kila mtu anageuka mchungaji.

Na hii ni kienyeji haswa. Jina bangi lenyewe lilivuka bahari kutoka India, na ndani ya pango linaloitwa Lalibela kule Ethiopia walichimbua viko vya karne ya 14 vikiwa bado na mabaki yake. Miaka yote hiyo mmea unazoea milima yetu, mvua zetu, na mchana wetu wa saa 12 ambao haubadiliki Januari hadi Desemba. Hapo ndipo wangu uliponiaibisha. Berlin mwezi wa sita mchana unakaribia saa 17, na mmea wa ikweta unangoja usiku urefuke ndio utoe maua, sasa ukangoja, ukangoja huku unarefuka tu, ukafika balkoni ya jirani wa juu, na mwisho wa Septemba ndio ukaanza kufikiria maua, yale yanayotaka miezi mitatu au zaidi kukomaa. Novemba haina huo muda.

Tena hata ungekomaa nisingekuwa nimehifadhi kitu. Sheria iliyoanza hapa tarehe 1 Aprili 2024 inakubali mimea 3 kwa mtu mzima nyumbani. Mitatu! Bangi ina dume na jike, na ukitaka kienyeji ibaki kienyeji unahitaji mimea mingi, makumi, ichavushane yenyewe. Uliza shosho yeyote kama huwa anachagua mbegu ya mahindi kutoka gunzi moja. Kwa hivyo mwenye paketi na lebo yuko huku, na shamba na jua linaloujua huo mmea viko kwetu, mahali ambapo sheria ya 1994 inakufunga miaka na miaka ukipatikana umepanda.

Na msidhani karao ndiye ataimaliza. Ni kushi, bangi kali ya kutoka nje. Vijana siku hizi wanadharau ile ya gazeti, wanataka kushi, mbegu zinaingia na masanduku ya watu kama mimi (ndio, sisi), zinapandwa, na chavuo inaruka na upepo hadi shamba la mzee ambaye hajui lolote. Misimu michache mbegu ya babu yake imekwisha na hakuna aliyeona. Moroko yaliwakuta hayo milima ya Rif, mahaibridi yanayokunywa maji kama ng'ombe yakasukuma beldia, bangi yao ya kienyeji, pembeni. Lakini wao walipitisha sheria 2021, na tangu 2024 mkulima anapewa kibali cha kupanda beldia, kwa jina. Moroko, jamani, nchi ya misikiti! Sisi Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alijaribu na mswada wa kuihalalisha 2018, akafariki mwaka uliofuata, halafu 2022 mgombea urais Wajackoyah akatuletea bangi pamoja na nyoka na fisi, nchi nzima ikacheka na maneno yakaishia hapo.

"Na watoto wetu?" Nasikia. Kuna kijana wa ploti yetu alichanganyikiwa, siwezi kukataa. Lakini pia nina binamu aliyekaa rumande wiki tatu kwa stiki moja na familia ikauza ng'ombe, na hiyo haikumwokoa mtoto yeyote.

Nimempigia mamangu nikamwambia mmea umekufa. Akaniuliza, "Kwani ulienda Ujerumani kulima bangi?" Nikamwambia bei. Akanyamaza. "Elfu saba?" Kimya tena. Halafu akasema ile ya guka, nyuma ya zizi la mbuzi, ile tuliambiwa ni dawa ya mbuzi, aliing'oa mama mwenyewe usiku mmoja chifu akiwa anazunguka, yote na mbegu zake, akatupa chooni.