Leo Nawapikia Mimi

Jiko letu la mafuta ya taa niliachana nalo kwa maneno makali. Tambi kumi, kila moja na moshi wake! Chai inanuka mafuta, wali unanuka mafuta, hata kanzu yangu ya Ijumaa inanuka mafuta. Pesa ya korosho ilipoingia nikanunua jiko la presha la umeme, na lile kuukuu nikampa jirani yetu hapa Chikongola, bure, pamoja na mhadhara: "Mzee wangu, gesi ya Msimbati inafua umeme hapa hapa Mtwara, wewe bado unahangaika na kibiriti?"

Mhadhara huo aliupata kila aliyepita uani. Kwamba mvuke ukifungiwa, maji yanapanda moto kupita zile nyuzi 100, ndiyo maana mbaazi zinaiva upesi. Kwamba presha ikitosha jiko linajikata lenyewe, na mbaazi za nyumba nzima hazili hata uniti moja ya LUKU. Yote kweli. Kijitabu nilikisoma mara mbili.

Jumapili akaja mama mkwe kutoka Newala. Mke wangu alikuwa sokoni, nami nikatangaza: leo nawapikia mimi. (Huyu ni mkwe ambaye hata kumwamkia naangalia chini.) Nikapima mbaazi vikombe vitatu, nikatia chumvi, nikamimina maji. Yakazama. Nikaongeza. Yakazama tena, nikasema mbaazi za mwaka huu zina kiu. Jagi la tatu ndipo nikahisi ubaridi kwenye vidole vya miguu.

Jiko lilikuwa linakojoa.

Nikainama kuchungulia ndani. Naona sahani ya chuma, naona vitundu, naona mbaazi zimejipenyeza kwenye kila upenyo. Sufuria ya ndani sioni. Ilikuwa nje kwenye kichanja, imeinamishwa, inang'aa. Mwanangu aliiosha asubuhi. Bahati, waya nilikuwa sijauchomeka, la sivyo ningeanza kuiva mimi.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Baba, kumbe ndivyo linavyopikiwa?"

"Ndiyo, mama. Linasuuzwa kwanza."

Nikatoka na mlango wa nyuma mpaka kwa jirani. Yuko barazani, jiko langu miguuni pake linachemsha chai. Hakuniuliza neno. Alimimina chai kwenye chupa, akazima, akasubiri lipoe, akanikabidhi. Nilipogeuka akaniita, akanitilia kibiriti mfukoni.

Mbaazi za nazi tulikula saa kumi jioni, zinanuka mafuta ya taa kama zamani. Mama mkwe aliongeza mara mbili.

Jiko la presha lilikaa kwa fundi siku nne. Alilifungua lote, akaanika vyuma juani, akalirudisha likiwa zima. Juu ya mfuniko aliweka kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri. Nikakifungua: mbaazi zangu, na tatu kati yake zilikuwa zimeshaota.