Siku ya 22

Tangu juzi usingizi umenikataa, na sababu ni barua pepe moja. Mfadhili wetu, ambaye sitamtaja, anataka mwakani tufunze vijana 60 badala ya 30 kwa pesa zilezile. Ili hesabu zikae sawa, anapendekeza tufute fungu ambalo ofisini tunaliita "baada ya semina": nauli za kuwafuata vijana vijijini, muda wa maongezi, na akiba kidogo ya wakili. Anasema fungu hilo halina matokeo yanayohesabika.

Huu ni mwaka wangu wa sita kuratibu mafunzo ya wanaharakati vijana hapa Busia, upande wa Uganda. Nazijua semina. Jumatatu kijana anajitambulisha huku anatazama miguu yake. Ijumaa ndiye anayeongoza wimbo. Ninaipenda siku ile na sitaki mtu aidharau. Lakini jioni wanapanda taksi wanarudi Lumino, Masafu na Buteba, na kule hakuna anayewapigia makofi.

Mwaka jana binti mmoja wa miaka 22 alitoka kwenye semina yetu akiwa ameishika vizuri Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Raia anaandika ombi, ofisi ya serikali ina siku 21 za kujibu, ikinyamaza inahesabika imekataa, na hapo unaweza kupeleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu. Basi akaandika ombi lake kwa mkono, kwenye karatasi aliyoichana kwenye daftari la mdogo wake. Alitaka kuona hati za kupokelea dawa katika Kituo cha Afya III cha kwao. Huduma kwenye vituo vya serikali ni bure tangu 2001, na dawa huletwa kila baada ya miezi miwili kutoka bohari ya taifa, lakini akina mama wa pale wanajua kwamba wiki chache tu baada ya gari kuondoka, utaandikiwa ukanunue dukani. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: zimeletwa ngapi?

Siku ya 3 tangu apeleke ombi, GISO, yaani afisa usalama wa serikali wa eneo lao, alimuuliza mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, binti huyu ni wa chama gani. Siku ya 9, mjomba anayewalipia wadogo zake ada aliitwa akaambiwa amtulize mtoto wake. Kufikia siku ya 14 mama yake alikuwa hamsemeshi tena, anamwekea chakula na kuondoka. Siku ya 22 ofisi ilikuwa bado kimya. Saa tatu usiku akanipigia. Hakulia. Aliniuliza, "Sasa nifanyeje, dada?"

Hakuna ukurasa wa kitabu chetu cha mafunzo unaojibu swali hilo. Asubuhi nilichukua boda nikaenda kwao. Nilikaa na mama yake chini ya mwembe tukichambua maharage karibu saa mbili nzima, na sheria sikuitaja. Alitaka kujua kama mwanawe atafungwa. Nikamwambia, mama, kuomba karatasi si kosa, ila wapo watakaoudhika, na wakiudhika hatutamwacha peke yake. Akanyamaza, akapepeta maharage yake, kisha akamwita binti aje kula nasi. Wiki iliyofuata wakili wetu akaiandikia ofisi ile barua ya ukurasa mmoja, na hati zikatolewa.

Ninaposema fungu hili lisiguswe, ninasema hivyo kwa sababu naujua mwaka ambao hatukuwa nalo. Mwaka wetu wa kwanza tulifunza, tukapiga picha, tukagawa vyeti. Kijana mmoja akaenda kuuliza habari za kisima kilicholipiwa na hakikuchimbwa. Alilala selo siku nne. Katiba inasema saa 48, na sisi wenyewe ndio tuliomfundisha hivyo, lakini habari zake zilitufikia wiki nzima baadaye, kutoka kwa mtu wa sokoni. Nilipomwendea aliniangalia kama mtu asiyenifahamu. Mpaka leo hapokei simu zangu, na simlaumu. Tulimpa ujasiri kisha tukamwacha nao.

Wala si Busia tu. Julai 2024, vijana waliojaribu kuandamana hadi Bungeni Kampala kupinga ufisadi walikamatwa kwa makumi, na wengi wakashtakiwa kwa kuwa kero kwa umma. Siku kama ile, unachohitaji ni wakili anayejua uko kituo gani cha polisi.

Nakubali kwamba anayetoa pesa ana haki ya kuuliza zimefanya nini. Nakubali pia kwamba wapo vijana wanaojimudu wenyewe, na kwamba katika 60 huenda wakapatikana wawili watatu wa namna hiyo. Lakini hao wengine 57 tutawaambia nini?

Na wakati tuko kwenye hilo, tuache kuwachagua vijana kwa Kiingereza chao. Mikutano ya kijijini haiendeshwi kwa lugha hiyo. Huku ni Kisamia, Kiteso na Kiswahili, na wazungumzaji hodari niliowapata walikuwa karibu kuachwa kwa sababu ya fomu.

Leo asubuhi nimejibu ile barua pepe. Nimependekeza vijana 20, wapungue kumi, na fungu libaki lote. Huenda tukaukosa ufadhili huo, na wenzangu ofisini wanajua. Nimeambatanisha picha moja niliyoipiga mwezi uliopita kwenye mlango wa kituo kile cha afya. Siku hizi gari la dawa likiondoka, orodha inabandikwa pale: dawa ya malaria, amoksilini, glovu, ORS. Kila mstari una idadi yake.