Pikapu Inakula Mafuta: Themostati Imekwenda Wapi?

Kila ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma Zanzibar, inapotangaza bei mpya za mafuta, wenye pikapu huanza kutafuta mchawi. Huyu anasafisha nozeli, yule anabadilisha chujio la hewa, mwengine anamgombeza dereva. Ni nadra mtu kuuliza kama injini yake inafikia joto iliyotengenezewa kufanya kazi. Na ukiliuliza hilo gereji, mara nyingi jibu ni jepesi: themostati ilitolewa zamani, ni kitu cha nchi za baridi, hapa kwetu jua linatosha.

Hoja ya mafundi isidharauliwe. Themostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na hufunguliwa na nta iliyomo ndani yake; ikigoma kufunguka, maji hayafiki kwenye rejeta, na kwa dakika chache tu gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Bandia nazo zimejaa madukani. Fundi anayelinganisha hatari hiyo na lita mbili tatu za dizeli hakukosea hesabu. Tena pikapu inayopanda vilima vya Mkoani kwenda Chake Chake, kule Pemba, na mzigo mgongoni itapata joto hata ikiwa haina themostati. Kwa gari ya kazi hiyo, akiba utakayoipata ni ndogo.

Lakini ni pikapu gani inayopakiwa kutwa nzima? Nyingi hupeleka mzigo na kurudi tupu. Au huzunguka mjini, Darajani hadi Mwanakwerekwe, inazimwa, inasubiri saa nzima, inawashwa tena. Injini isiyo na themostati hupitisha maji kwenye rejeta tangu dakika ya mwanzo, kwa hiyo safari fupi humalizika kabla haijapata moto, na ile ndefu ya mwendo wa kasi huipoza tena.

Joto la hewa la nyuzi 30 haliondoi tatizo hilo. Themostati nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na hapo ndipo injini inapotakiwa ianzie kazi. Kutoka 30 hadi 82 bado ni safari. Chukua oili ya 15W-40, ambayo wengi wetu tunaitumia kwenye dizeli: ikiwa nyuzi 40, uzito wake, yaani ugumu wake wa kumiminika, ni takriban mara saba ya ulivyo kwenye nyuzi 100. Injini isiyo na themostati haibaki 40, ni kweli, lakini inazunguka muda mrefu mahali fulani katikati, na kila nyuzi inayokosekana, pistoni na krenki zinaisukuma oili nzito zaidi. Nguvu hiyo inatoka kwenye tangi. Na oili isiyopata moto haikaushi unyevu wala mafuta yasiyoungua yanayoteremka pembeni ya pistoni. Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta povu la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na maji ya rejeta hayapungui, ujue injini inaishi baridi.

Kwenye injini za kompyuta hasara ni kubwa zaidi. Kuna kihisio kidogo kinachopima joto la maji. Kikisoma kuwa injini haijapata moto, kompyuta ya gari ya petroli inaendelea kuongeza mafuta kama vile imewashwa sasa hivi asubuhi, na inafanya hivyo bila kuchoka. Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida hazina kompyuta, lakini nyingi za Toyota zina kifaa cha nta ubavuni mwa pampu, chenye mipira miwili midogo ya maji. Kazi yake ni kuwahisha upigaji wa mafuta na kupandisha sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) injini ikiwa baridi, kisha kuachia maji yakishika moto. Maji yasiposhika moto, hakiachii. Mafundi wengine huiziba mipira hiyo kabisa, halafu mwenye gari anashangaa injini inagonga na sailensi iko juu mchana kutwa.

Basi kwa nini gari nyingi zinachemsha hadi themostati ikasingiziwa? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye maji. Unguja ni kisiwa cha mawe ya chokaa, na maji ya visima vyetu yana chokaa nyingi. Ndiyo ile gamba nyeupe ndani ya birika. Mtu anayeongeza maji hayo kwenye rejeta kila wiki anajenga gamba lile lile ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Chumvi ya bahari inamaliza kwa nje: pitisha kidole kwenye mapezi ya rejeta ya gari ya samaki uone yanavyovunjika na kuacha unga, mweupe kwa aluminiamu, wa kijani kwa shaba. Rejeta ikifika hali hiyo, kutoa themostati kunaficha ugonjwa kwa muda tu. Na kama themostati ya injini yako ina kisahani cha pili upande wa chini, kuitoa kunaweza hata kuongeza joto ukiwa na mzigo, kwa sababu kisahani hicho ndicho kinachofunga njia ya mkato. Kikikosekana, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta.

Kutoa themostati kuna na ndugu yake: feni iliyochomelewa. Kile kiungo cha katikati chenye mafuta mazito kikichoka, feni inazunguka kivivu, na dawa ya haraka ni kuifunga moja kwa moja. Gari haichemshi tena. Ila feni sasa inakokotwa na injini kila sekunde, hata barabara ya Mahonda hadi Kinyasini ambako upepo wa mwendo peke yake unatosha. Ule mvumo mkubwa unaousikia unalipiwa dizeli.

Kujua hali ya gari yako hakuhitaji mashine. Mshale wa joto ukipanda kwenye foleni na kuanguka kila unapochanganya mwendo, themostati haimo au imekwama wazi. Njia nyengine: washa injini ikiwa baridi ushike mpira wa juu wa rejeta, mkono mbali na feni. Ubaki poa dakika kadhaa kisha upate moto kwa ghafla. Ukianza kupata moto kidogo kidogo tangu mwanzo, ndani hamna kitu. Zile injini ambazo themostati imekaa upande wa chini, shika mpira wa chini.

Kabla ya kuirudisha, zibua rejeta kwanza. Ya shaba hufunguliwa na kupitishwa chuma. Ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki mara nyingi ni kubadilisha. Angalia mpira wa mfuniko: ulioandikwa 0.9 ukiwa mzima hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 119, ukichanika maji yanachemka kwenye 100. Themostati mpya usiifunge kabla ya kuijaribu. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na uipashe moto na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyopigwa mhuri juu yake, na kwa nyingi za 82, ikifika 95 iwe imenyanyuka angalau milimita 8. Hapo ndipo bandia nyingi zinapoumbuka. Katundu kenye kapini kakae juu ili hewa itoke. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Ya kisima yaache yafulie nguo.

Watasema wengine kuwa upepo wa tairi ni muhimu zaidi. Upepo una haki yake, lakini Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria hasara ya asilimia 0.2 hivi kwa kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote. Tairi zikiwa chini kwa psi 10, umepoteza asilimia 2. Pima, jaza, endelea.

Kwa themostati, pampu ya kituo cha mafuta ndiyo itakayoamua. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, fanya kazi zako za kawaida, kisha jaza tena kituo kile kile na ugawe kilomita kwa lita. Kilomita 400 kwa lita 44 ni 9 na kidogo. Kwa lita 40 ni 10. Fanya matangi mawili kabla na mawili baada, maana tangi moja linadanganya. Na kama baada ya kuirudisha gari inachemsha, usikimbilie kuitoa tena: huenda rejeta bado haijazibuka.