Dagaa mchele si usipa, jamani

Jumamosi nilikuwa soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nikamuuliza mama mmoja, "Shikamoo mama, hawa dagaa wa wapi?" Akanijibu huku akipima, "Marahaba. Dagaa ni dagaa, mwanangu. Wote wametoka majini." Nikacheka, nikabeba kisado changu. Kufika nyumbani nakuta nimechanganyiwa: usipa wa Kyela na dagaa mchele wa pwani. Nikawapika sufuria moja. Tonge hili halina chumvi, linalofuata unakunywa maji glasi nzima.

Sina ugomvi na usipa, ndiyo iliyonikuza. Lakini yule asili yake ni Ziwa Nyasa, na kwa nasaba yuko karibu na dagaa wa Mwanza kuliko huyu wa baharini. (Wa Kigoma ndio wana undugu na wa baharini, ingawa nao ni wa ziwani. Mambo ya koo hayo.)

Dagaa mchele mtazame vizuri. Akiwa mbichi mwili wake unapenyeza mwanga, ubavuni ana mstari wa fedha kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani. Akikauka anakuwa mweupe, ndipo likaja jina la mchele. Mshike kichwa: pua imechomoza mbele, mdomo uko chini yake na umepasuka hadi nyuma ya jicho, kama mtu aliyeshtuliwa. Usipa hana pua hiyo. Mdomo wake uko mbele kabisa.

Huko Unguja wanavuliwa usiku, siku za giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti. Wakifika nchi kavu wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hapo ndipo tunapokosea sisi wa nyanda za juu: samaki ameshachemshwa, ameshatiwa chumvi, amesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar, nasi tunamwongezea chumvi tena! Mloweke kidogo kwenye maji ya vuguvugu, mwage maji, kaanga na kitunguu na nyanya, basi. Kwa wali wa Kyela hana mpinzani, na hilo nitalitetea hata Matema, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa kwenye usipa wenyewe.

Ninachotaka sokoni ni mafungu mawili na jina kwa kila fungu. Bei nitalipa. Kwa sasa nimewamwaga mezani, nawachambua mmoja mmoja kwa kutazama pua. Mke wangu amepita, akaniuliza kama leo sina kazi.