Ratiba Yote Ilisogea, Isipokuwa Tarehe ya Pesa

Kuna mdau kwenye grupu letu la kikapu, mtu ninayemheshimu, aliyeandika Jumanne alfajiri, Aprili 6, 2021, mara tu Baylor walipomaliza kuwanyoosha Gonzaga 86-70 kwenye fainali ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani: "Msimu umeisha salama, tuwapongeze NCAA." Wakafuata wengine na makofi, na yule mmoja asiyekosa akatundika bendera ya Marekani. Mimi nilikuwa macho tangu saa kumi usiku (mke wangu anasema nimeanza daku kabla mwezi haujaandama) na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Nikazima simu nikalala. Nimeamka, nimekunywa chai, hasira iko palepale. Kaka, jibu lako hili hapa.

Salama ya nani?

Tuanzie Septemba 2020. Tarehe 16 wakubwa wa Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, waliamua msimu uanze Novemba 25 badala ya Novemba 10. Wengi tulisoma kichwa cha habari tukapita. Mngesoma na sababu. Walisema kufikia tarehe hiyo zaidi ya robo tatu ya vyuo vitakuwa vimemaliza muhula au vimehamishia masomo mtandaoni, kwa hiyo kampasi zitakuwa nyeupe na hatari ya maambukizi itapungua. Yaani wanafunzi wamerudishwa makwao kwa sababu kukaa pamoja ni hatari, halafu huko kuondoka kwao ndiko kunakofanya kampasi iwe mahali pazuri pa kuwabakiza wenzao wachache wacheze mpira, wapigane vikumbo chini ya goli na kuhemeana usoni. Na hawa wanaobakizwa ndio wale ambao kila mwaka tunaambiwa ni wanafunzi kwanza, wachezaji baadaye. Julai ya mwaka huo huo serikali ya Trump ilikuwa imetaka wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao yote yapo mtandaoni waondoke nchini. Amri ilifutwa baada ya wiki moja hivi, lakini waulize ndugu zenu walioko kule ile wiki waliipitishaje.

Basi msimu ukaanza, na kuanzia siku hiyo ratiba ikawa kitu cha kuulizia asubuhi. Maui Invitational, mashindano ya ufukweni yale, yakachezewa Asheville, milimani North Carolina. ESPN, televisheni ya michezo, walikuwa na mpango wa kukusanya timu Orlando kwa mfululizo wa mashindano, ukafa kabla haujaanza kwa sababu vyuo havikukubaliana na masharti ya vipimo. Wengine wakajifungia kwenye kasino kule Connecticut wakapaita Bubbleville, yaani mji wa kujitenga na virusi. Kocha msaidizi ambaye mwaka mzima kazi yake ni kusaka vipaji akageuka dalali wa mechi: anapiga simu usiku kutafuta timu yoyote iliyokimbiwa na mpinzani wake, wakutane keshokutwa.

Desemba 5 mnaikumbuka wote. Gonzaga namba moja, Baylor namba mbili, Indianapolis, na kwa bahati ya nadra mechi imeangukia Jumamosi saa tatu usiku kwa saa zetu, saa ya binadamu. Sebuleni kwangu walijaa washkaji tunaocheza nao Don Bosco Upanga, mishkaki jikoni, simu imeunganishwa kwenye TV na mwenye simu amepigwa marufuku kupokea hata ya mama yake. Saa moja na nusu habari ikaingia: mchezaji mmoja wa Gonzaga na mtu mwingine wa msafara wamekutwa na virusi. Hakuna mechi. Tukala mishkaki kwa unyonge huku tukitazama marudio ya mpira wa miguu.

Sisi tulipoteza bando na jioni moja. Wale vijana walikuwa wameshasafiri, wameshapimwa, wameshakula chakula cha kabla ya mechi, saa moja na nusu tu imebaki. Na baada ya hapo hakuna aliyejua lini watacheza tena, na nani, na wapi. Iona walikaa zaidi ya mwezi mmoja na nusu bila mechi, kuanzia Desemba hadi Februari. Michigan, timu iliyokuwa ikitisha watu wote, walisimamishwa Januari na idara nzima ya michezo ya chuo ikafungwa wiki mbili kwa ajili ya kirusi kipya kutoka Uingereza. Colgate karibu ratiba yao yote ilikuwa dhidi ya majirani wachache walewale, wakawapiga na kuwapiga tena, mpaka NET, kompyuta ya NCAA ya kupanga timu kwa ubora, ikachanganyikiwa ikawapandisha hadi nafasi ya tisa kwa ubora nchi nzima. Colgate! Arkansas wakaja kuwarudisha duniani raundi ya kwanza.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho hakikusogea hata kidogo. Machi.

Huo ndio mwezi wa mashindano makubwa ya mtoano ya NCAA, na kila kitu kilijadilika isipokuwa hicho. Mwanzo ulisogea, idadi ya mechi ikapunguzwa, kigezo cha kuingia kikashushwa hadi mechi 13, viwanja vikabadilishwa, mashindano yote ya wanaume yakahamishiwa jimbo moja la Indiana. Kocha Rick Pitino, wakati huo wa Iona, ambaye si malaika na simtetei, alipendekeza hadharani hata kabla msimu haujaanza kwamba waanze baadaye, wacheze ligi tu, mashindano makubwa yawe Mei. Mei! Chanjo zingekuwa zimeshawafikia wengi. Wazo hilo halikufika popote. Kwa nini? Kwa sababu Machi imeshauzwa. Televisheni za CBS na Turner walisaini mwaka 2010 mkataba wa dola bilioni 10.8, na mwaka 2016 wakauongeza kwa bilioni 8.8 nyingine hadi 2032. Machi 12, 2020, mashindano yalipofutwa kwa mara ya kwanza tangu yaanze mwaka 1939, mgao wa NCAA kwa vyuo ulishuka kutoka dola milioni 600 zilizotarajiwa hadi milioni 225. Maumivu hayo waliyasikia. Wakaapa hayatarudia, na msimu mzima ukapangwa kinyumenyume, kutoka tarehe ya televisheni kurudi nyuma. Kwa hiyo mtu akiniambia eti ratiba ilikuwa na "sintofahamu", namwambia hapana. Mwenye televisheni alikuwa anafahamu vizuri kabisa. Sintofahamu alipewa kijana wa miaka kumi na tisa aibebe, pamoja na begi lake, kwenye bweni lisilo na watu, Krismasi.

Na hakuulizwa. Hapa ndipo roho inaponiuma. Wachezaji wa NBA walipoingia kwenye kambi ya Disney mwaka 2020, chama chao kilikaa mezani: vipimo vingapi, familia zije lini, anayekataa anakatwa nini. Wale wa vyuo wakati huo hawakuwa na chama, hawakuwa na mshahara, hawakuwa na mkataba wa kuuvunja. Walikuwa nayo "hiari". Neno zuri sana hilo. Mwenye ufadhili wa masomo anaambiwa na kocha anayemwamulia dakika za kucheza kwamba akitaka kukaa nje ni hiari yake, ufadhili wake hakuna wa kuugusa. Umewahi kuwa mdogo kwenye timu wewe? Unajua hiari ya aina hiyo inavyosikika masikioni.

Desemba 12 niliiona kwa macho yangu. Keyontae Johnson wa Florida, nyota wa timu, anatoka kwenye mapumziko ya kocha dhidi ya Florida State, anaanguka kifudifudi uwanjani. Sisemi ni korona iliyomwangusha, wala sihitaji iwe korona. Ninachosema ni kwamba alibebwa kwa machela, wenzake wanalia machozi, wamekumbatiana duara, na baada ya muda filimbi ikapulizwa mechi ikaendelea. Wakacheza. Wakafungwa 83-71. Nilizima kabla haijaisha, na mimi si mtu wa kuzima mechi.

Waliosimama wapo, na ukiwapanga unaona picha. Ivy League, yaani Harvard, Yale, Princeton na wenzao, walifuta msimu Novemba, kwa sababu wana hela za kuweza kukaa bila kikapu. Upande wa pili Bethune-Cookman na Maryland Eastern Shore, vyuo vya Weusi visivyo na utajiri huo, navyo vikafuta. Chicago State wakapoteza mechi tisa mfululizo wakaona yatosha, wakarudi nyumbani. Kwa hawa wadogo pigo lilikuwa mara mbili: huwa wanalipwa kwenda kufungwa na wakubwa mwezi Novemba, na mechi hizo ndizo za kwanza kukatwa. Aliyeshiba akaacha, asiyenacho akaacha. Waliobaki uwanjani ni wale wanaoishi kwa Machi.

Makocha nao wana vituko. Mike Krzyzewski, wakati huo kocha wa Duke, aligundua kwamba pengine haifai kucheza wakati watu wanakufa. Aligundua Desemba 8, baada ya kufungwa nyumbani kwake na Illinois. Kim Mulkey, wakati huo kocha wa Baylor ya wanawake, alisema Januari kitu cha kweli kuliko vyote, kwamba msimu utaendelea kwa sababu ya dola ya mashindano ya wanaume. Nikampenda. Machi, baada ya kutolewa na UConn, akapendekeza timu zitakazofika Final Four, yaani hatua ya timu nne za mwisho, zisipimwe tena. Nikaacha kumpenda.

Kuhusu wanawake, mashindano yao yalikuwa San Antonio, na kwa mazoezi walipewa rundo moja la vyuma vya mkononi na mikeka ya yoga, hadi Sedona Prince wa Oregon alipopiga video, ukumbi wa mazoezi ukapatikana haraka ajabu. Mabingwa wao Stanford walikuwa wamefukuzwa kwenye uwanja wao na amri ya kaunti, wakawa wahamaji wiki baada ya wiki. Kocha Tara VanDerveer alivunja rekodi ya ushindi ya Pat Summitt ugenini, kwenye ukumbi mtupu. Makala yao inastahili kuandikwa peke yake.

Haya, niseme na la upande wa pili, msije mkasema nina chuki. Indiana ilipangwa vizuri. Kila timu na ghorofa yake hotelini, vipimo kila siku, na kati ya mechi 67 zikachezwa 66. Kila mchezaji kaongezewa mwaka mmoja wa kucheza, jambo la haki. Na ule mpira! Jalen Suggs anaachia kutoka karibu na nusu uwanja, inagonga ubao, inaingia, UCLA wameanguka chini. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta. Mashindano yalianza Machi 18, siku tuliyoamka na msiba wa Rais Magufuli, kwa hiyo mechi za mwanzo niliziona kwa marudio na bila raha, lakini kufikia wiki ya pili yalikuwa yamenivuta. Najua pia kwamba sisi huku Tanzania hatukuwa na ubavu wa kumnyooshea mtu kidole kwenye suala la korona. Msinikumbushe.

Lakini ile mechi moja kati ya 67 ndiyo inayonikera. VCU. Wamefika Indianapolis, wamejifungia vyumbani, na Machi 20, saa chache kabla ya kucheza na Oregon, wakaambiwa vipimo vya wenzao kadhaa vimekuja vibaya, timu nzima irudi nyumbani. Oregon wakapita bila kutoka jasho. Timu nne za akiba zilikuwa zimeandaliwa kuziba pengo, ila kanuni ilikuwa kwamba mashindano yakishaanza hakuna kuziba tena. Unajua kwa nini hawakuweza kusubiri siku tatu, nne, hata kupima upya? Kwa sababu raundi ya pili ilikuwa na saa yake hewani. Kuna wa mwaka wa mwisho pale ambao ndoto yao ya utotoni iliishia kwenye lifti ya hoteli. Hao kaka yangu uliwahesabu kwenye "salama" yako?

Machi 31, katikati ya mashindano yenyewe, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa inasikiliza kesi ya Alston kuhusu NCAA na mipaka wanayoweka kwa wanachopewa wachezaji. Wachezaji kama Geo Baker wa Rutgers na Isaiah Livers wa Michigan nao walikuja Indianapolis na ujumbe kwamba wao si mali ya NCAA. Kwenye grupu letu siku hiyo tulikuwa tunabishana kuhusu majedwali ya kubashiri washindi.

Wengi wetu ugonjwa huu wa kikapu cha vyuo tuliambukizwa na Hasheem Thabeet enzi zake UConn, na msimu ule macho yangu yalikuwa kwa Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi. Aliondoka West Virginia mwaka mpya ulipoingia, katikati ya vurugu hizi, na msimu ulipoisha alikuwa Kentucky anasubiri kuvaa jezi. Wakati huo nilitaka kujua mechi yake ya kwanza ingekuwa lini nianze kuweka akiba ya bando. Ratiba haikuwa imetoka. Final Four ya 2022 ndiyo ilikuwa tayari imepangwa: New Orleans, Aprili 2 na 4.