Kulinganisha milio kwa sikio kwenye majaribio ya muda sio mbwembwe

Kuna ubishi usioisha kati ya watu wanaofanya majaribio ya jinsi binadamu anavyohisi muda, na unaanzia kwenye kitu kinachoonekana kidogo sana. Unamsikilizisha mtu milio miwili, unamuuliza upi umedumu zaidi. Sasa hiyo milio iwe na sauti kubwa kiasi gani? Upande mmoja unasema weka yote desibeli sawa (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), hakikisha kwa kipima sauti, andika namba kwenye ripoti, kazi imeisha. Upande wa pili unasema desibeli sio kinachosikika, kila mshiriki akae kwanza ailinganishe milio kwa sikio lake mwenyewe mpaka aone iko sawa, ndo umuulize habari za muda. Hawa wa pili wanachukuliwa kama wasumbufu, watu wa kula nusu saa ya mshiriki kwa kitu ambacho kompyuta inakimaliza mara moja, na mi naona hawajaeleweka kwa hiyo nitakaa kwao zaidi.

Kinachofanya watu wahangaike ni kwamba ukubwa wa sauti unaingia kwenye muda bila kupiga hodi. Mlio wenye nguvu huwa unahisiwa umekaa kuliko mlio hafifu hata kama yote miwili ni milisekunde 500 zilezile. Maelezo yaliyozoeleka ni ya saa ya ndani, modeli ya mwanasaikolojia Treisman ya 1963 ambayo watafiti wengine, akina Gibbon, waliiendeleza: kuna kitu kinatoa mapigo, kingine kinayakusanya, mlio mkali ukikushtua mapigo yanakwenda mbio, yanakusanywa mengi, unaona muda umekuwa mrefu. Afu mwaka 2011 watafiti William Matthews, Neil Stewart na John Wearden wakaonyesha kwamba ukiweka sauti kubwa ya mazingira inayoendelea wakati milio inalia, mambo yanageuka, mlio hafifu ndo unahisiwa mrefu. Yaani kinachohesabika ni mlio unavyojitenga na kilichouzunguka. Hebu niambie basi, desibeli 70 iliyoandikwa peke yake kwenye ripoti inamweleza nini msomaji kuhusu kile mshiriki alichosikia?

Ila namba inayonikosesha raha kuliko zote ni nyingine. Chukua toni ya hezi 1000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, zikiwa chache sauti inakuwa nzito) kwa desibeli 40, sauti ya chini tu, ya utulivu. Ukitaka toni nzito ya hezi 100 isikike na ukubwa uleule, kwa mikunjo ya kiwango cha kimataifa cha ISO 226 cha 2003, ile michoro inayoonyesha kila toni inahitaji desibeli ngapi ili zote zisikike sawa (kazi ambayo watafiti Fletcher na Munson waliianza 1933), unahitaji kama desibeli 64. Tofauti ya desibeli 24, na desibeli 24 ni nguvu mara 250 hivi, sio marekebisho ya kupindisha kitufe kidogo. Sasa mtu akija akakwambia nimelinganisha, zote zilikuwa desibeli 40, maana yake ile ya hezi 1000 ilisikika vizuri kabisa na ile ya hezi 100 ilikuwa inanyemelea tu, iko juu kidogo ya kiwango ambacho sikio linaanza kuipata. Afu matokeo yakitoka kwamba sauti nyembamba huhisiwa ndefu kuliko sauti nzito, hapo umepima unene wa sauti au umepima mlio unaosikika dhidi ya mlio unaotafutwa kwa shida? Huwezi kujua, na msomaji naye hawezi, na data haitakuambia hata uichambue vipi, kwa sababu vitu viwili vimetembea pamoja kuanzia jaribio la kwanza mpaka la mwisho. Na sio kwamba unaongeza 24 kila mahali ukamaliza, manake ukipandisha volyumu pengo linapungua, kwa hiyo marekebisho yanayofaa kwa sauti ya chini yanaharibu kwa sauti ya juu.

Mtu wa upande wa kwanza atasema sawa, si tutumie hiyohiyo mikunjo, kwa nini tumsumbue mshiriki? Ni hoja nzuri na kwa kazi nyingi inatosha. Lakini mikunjo ile ni wastani wa vijana wa miaka 18 mpaka 25 wenye masikio mazima, wakisikiliza toni safi zinazotoka mbele yao mahali pasipo na mwangwi. Mshiriki wako ana miaka 52, amevaa hedifoni, na unamsikilizisha mbwa akibweka na kengele ya mlango. Wastani wa watu wengine haumo kichwani mwake.

Niliwahi kukaa kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti nikalinganisha toni kwa mkono. Toni ya kwanza inalia, kimya, ya pili inalia, unazungusha kitufe, tena, tena. Mara ya kwanza ya pili ilianza ikiwa kubwa nikawa naishusha mpaka nikaridhika. Mara iliyofuata ilianza ikiwa chini naipandisha, nikaridhika tena, na alama hazikuwa mahali pamoja, nilipotoka juu nilisimama juu na nilipotoka chini nilisimama chini. Wapinzani wanachukua jambo hili wanasema unaona, kitu chenyewe hakitulii. Mi nililiona kinyume. Kulegalega kule kumo ndani ya kila mshiriki hata usipokupima, tofauti ni kwamba ukimfanya alinganishe mara kadhaa kutoka juu na kutoka chini ukachukua wastani, unakuwa umekuona na unajua ukubwa wake, ukiandika desibeli 70 umekufunika.

Haya, sasa haki ya upande wa kwanza, maana wana hoja moja nzito ambayo watu wa sikio mara nyingi wanaipita haraka. Chini ya kama milisekunde 200 sikio linajumlisha nguvu ya sauti kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo mlio wa milisekunde 50 unasikika mdogo kuliko wa milisekunde 150 hata desibeli zikiwa sawa. Ukiacha hivyohivyo, mshiriki anaweza asihisi muda kabisa, anachagua tu uliosikika mkubwa na anapata jibu sahihi kila mara. Ukiamua kulinganisha kwa sikio, inabidi uupandishe ule mfupi, na kuupandisha ni kuuongezea nguvu, na tumeshasema nguvu inarefusha muda unaohisiwa. Yaani hapa ukubwa wa sauti na muda vimeshikana kama nyama na mfupa, ukikata kimoja umekata na kingine. Hata milio inayopanda taratibu na inayoshuka taratibu ni hivyohivyo: inayopanda huhisiwa mirefu na pia husikika mikubwa, ukilazimisha ukubwa uwe sawa huenda umefuta kilekile ulichokuja kukitafuta. Na mtu akipiga ukelele wa hofu, sehemu ya hofu ni kwamba unasikika mkubwa, ukiupunguza mpaka ulingane na mazungumzo ya kawaida umebaki na ukelele gani?

Hoja hiyo naikubali, tena naikubali bila kinyongo. Ila angalia inachokataza hasa. Inakataza kulinganisha kwa sikio pale ambapo milio ni ileile na kinachotofautiana ni urefu peke yake, na hapo dawa ipo, unachezesha volyumu ovyo, jaribio hili desibeli kadhaa juu, lile kadhaa chini, bila mpangilio, ili mshiriki akijaribu kujibu kwa ukubwa wa sauti akosee. Na ukiwa juu ya milisekunde 200 kwa toni moja tu, weka desibeli sawa uendelee na maisha, sioni haja ya kumchosha mtu. Lakini majaribio yanayoleta madai makubwa sio hayo. Ni yale ya sauti nyembamba dhidi ya nzito, sauti ya binadamu dhidi ya mashine, ya kutisha dhidi ya ya kawaida, kelele dhidi ya toni, na huko kote anayesema muda umerefuka kwa sababu ya hofu ana deni la kuonyesha kwamba haukurefuka kwa sababu ya ukubwa wa sauti. Kwenye ule ukelele mi ningefanya mara mbili, kundi moja desibeli sawa, kundi jingine limelinganisha kwa sikio, kama hofu inarefusha muda kwa yote mawili basi una kitu mkononi, kama inatokea kwa moja tu sema ni lipi.

Afu kuna hili la majaribio ya mtandaoni ambalo kwangu ndo linageuza mizani. Mshiriki yuko kwake na laptopu yake, hujui volyumu ameweka ngapi, hujui hedifoni za aina gani. Kuna kipimo cha 2017 cha watafiti akina Woods kinachotambua kama mtu amevaa hedifoni kweli, anasikia toni tatu anachagua iliyo ndogo zaidi, na mojawapo imetengenezwa ijifute yenyewe ikitoka kwenye spika, kwa hiyo asiye na hedifoni anaichagua anakosea. Kizuri sana, ila kinakuambia kimevaliwa nini, hakikuambii desibeli. Ile namba ambayo upande wa kwanza unaitegemea haipo tena kwa yeyote, wakati kulinganisha kwa sikio kunaendelea kufanya kazi, kwa sababu mtu analinganisha mlio na mlio kupitia kifaa kilekile atakachotumia kwenye jaribio. Dakika 5 mwanzoni zinatosha, na alinganishe tena mwishoni, manake kuna watu wanaoshusha volyumu katikati, na alama za mwanzo na za mwisho zikiachana sana, data ya mtu huyo ya muda siitumii.