Acheni kuicheka KAAN

Septemba 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uturuki, Hakan Fidan, akiwa New York, alisema jambo ambalo wanasiasa wenzake huwa wanalizunguka. Injini za KAAN, ndege mpya ya kivita ya Uturuki, zimekwama kwenye Bunge la Marekani, alisema, vibali vimesimamishwa, na injini lazima zije ndipo uzalishaji uanze. Basi, ikawa vicheko kila kona. Wapinzani wa Rais Erdoğan walicheka, Wagiriki walicheka, na vijana wetu hapa Dar ambao Ankara wanaiona kwenye ramani tu nao wakacheka. Kumbe ndege ni ya Mmarekani! Kumbe ni bodi tupu! Kijana mmoja ninayemfahamu vizuri, aliyesoma uhandisi wa mitambo, aliniambia kwamba ndege ya namna hiyo ni sawa na kupiga rangi gari la mtu mwingine ukasema umeliunda wewe.

Huyo ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Asiyejua injini akicheka namwelewa. Aliyekaa darasani miaka minne akifundishwa joto na chuma hana udhuru.

Tuanze na kilichofanyika. Tarehe 21 Februari 2024, rubani wa majaribio Barbaros Demirbaş aliirusha KAAN kwa mara ya kwanza kutoka uwanja wa Mürted, nje kidogo ya Ankara. Ilikaa angani dakika 13, ikapanda hadi futi 8,000, kwa mwendo wa noti 230, yaani kama kilomita 426 kwa saa. Magurudumu yalibaki nje muda wote, kama ilivyo desturi ya safari ya kwanza. Mei 6 ikaruka tena, dakika 14, futi 10,000. Ni ndege ya injini mbili, yenye urefu wa mita 21 hivi, iliyochongwa ili rada isiione kirahisi, na waliounda bodi yake, mabawa yake na programu za kuiongoza ni wahandisi wa TUSAŞ, kampuni ya Uturuki ya kuunda ndege. Hicho si kitu cha kupuuzwa. Nchi zilizofika hata hapo zinahesabika kwa vidole.

Na uwanja wenyewe wa Mürted una historia yake. Julai 15, 2016 ulikuwa unaitwa Akıncı, na waliotaka kumpindua Erdoğan waliufanya makao yao usiku ule. Ndege za kivita za F-16 zilipaa kutoka pale na kwenda kulipiga mabomu Bunge la nchi yao wenyewe. Julai 2019, kwenye uwanja huohuo, zilishuka shehena za kwanza za mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi, na kwa sababu hiyo mwezi huohuo Marekani ikaitoa Uturuki kwenye mpango wa kuunda ndege ya kivita ya F-35. Uturuki ilikuwa mshirika wa mpango ule, viwanda vyake vilikuwa vinatengeneza vipuri vya ndege ile, na ilikusudia kununua ndege 100. Yote yakaishia hapo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hilo la S-400 Ankara ilijitakia. Ilionywa mapema, ikaendelea. Lakini anayedhani habari ya Uturuki kunyimwa silaha ilianza na S-400 hajasoma. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alimwandikia Waziri Mkuu İsmet İnönü kumkanya asitumie silaha za Marekani kuingilia kisiwa cha Kupro. Uturuki ilipoivamia Kupro mwaka 1974, Marekani ikaiwekea vikwazo vya silaha Februari 1975, vikadumu hadi 1978. Unaweza kusema walistahili, na kuhusu Kupro mimi siwatetei. Nasema tu kwamba ASELSAN, kampuni inayotengeneza rada na mitambo ya umeme ya jeshi lao, ilizaliwa mwaka huohuo wa 1975, na haikuwa bahati.

Tangu hapo hesabu yao imekuwa ileile: kila walichonyimwa wamekaa chini wakakitengeneza. Mwaka 2020 Kanada ilisimamisha kuwauzia kamera za droni za TB2, baada ya droni hizo kuonekana kwenye vita ya Azerbaijan na Armenia kule Nagorno-Karabakh. Watu wakasema TB2 imekwisha. ASELSAN ikaleta kamera yake, na droni ziliendelea kuuzwa, hata huku kwetu Afrika Mashariki. Kwa droni za Anka, kampuni yao ya injini, TEI, ilitengeneza injini ya PD170. Wakati droni hizo zinaonewa wivu dunia nzima, hakuna anayekumbuka kwamba miaka michache kabla zilikuwa zinachekwa vilevile.

Sasa nije kwenye injini, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

KAAN inaruka kwa injini mbili za General Electric aina ya F110, ileile inayotumika kwenye F-16. Uturuki inaijua injini hii. TEI imeiunganisha kwa miaka mingi pale Eskişehir chini ya leseni. Kuunganisha, kukagua, kubadilisha vipuri, yote wanaweza. Kisichowezekana kwa leseni ni kujua kilichomo ndani kabisa, kwenye tabaini, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na hewa ya moto, nyuma tu ya chumba cha kuunguzia mafuta.

Chukua panga moja la tabaini hiyo. Unaweza kulifumbata kiganjani. Hewa inayolipiga injini ikiwa kwenye nguvu kamili huwa inazidi nyuzi joto 1,500 za Selsiasi. Aloi ya nikeli iliyotengenezea panga hilo huanza kuyeyuka chini ya hapo, karibu na 1,300. Yaani panga linafanya kazi ndani ya moto ambao ungeligeuza uji, na wakati huohuo linazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, likivutwa kwenda nje kwa nguvu ya tani kadhaa. Halitakiwi kuyeyuka, kupasuka, wala kurefuka kupita kipimo, kwa sababu likizidi linakwangua ukuta na injini inakufa.

Linawezaje? Ndani ni tupu. Kuna vijia vyembamba vinavyopitisha hewa ya ubaridi kiasi, na juu ya uso wake kuna matundu madogo mno yanayotoa hewa hiyo ili iwe kama ngozi kati ya chuma na moto. Juu ya chuma kuna tabaka la kauri. Na chuma chenyewe hakina maungio ndani yake. Chuma cha kawaida kimejaa chembechembe zilizoshikana, na ufa huanzia kwenye mishikano hiyo. Panga hili humiminwa kwenye kalibu ya kauri, kisha kalibu huteremshwa kutoka kwenye tanuri polepole sana, na chini yake kuna kijia kilichojisokota kinachoruhusu chembe moja tu ipenye na kukua. Ikikua inajaza kalibu nzima. Panga zima, kutoka shina hadi ncha, ni fuwele moja.

Ukikosea mwendo wa kuteremsha, joto la tanuri, au mchanganyiko wa aloi, unapata panga linalofanana kabisa na zuri, ambalo litapasuka baada ya saa chache. Hakuna kitabu kinachoeleza vipimo hivyo. Viko vichwani mwa watu na kwenye makabati ya kampuni chache za Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi, na China imeingia baada ya kuhangaika kwa miongo. Ndege ya kivita ya J-20 ya China iliporuka Januari 2011 ilikuwa na injini za Kirusi. Leo ina za kwake. Je, ile ya 2011 haikuwa ndege ya China?

Ndiyo maana vicheko vile vinanichoma. Ndege ya kivita ya Gripen E ya Sweden inaruka kwa injini ya General Electric. KF-21 ya Korea Kusini vilevile. Tejas ya India vilevile, na Wahindi wamehangaika na injini yao ya Kaveri tangu miaka ya 1980 hadi ikabidi mwaka 2008 waitenganishe na ndege. Sijasikia mtu akisema Gripen ni bodi tupu. Mswidi akinunua injini ni mwerevu, Mturuki akinunua ni tapeli. Kwa nini?

Wanaocheka wangesoma zaidi wangeona kwamba jambo lenyewe si la aibu, ni la hatari. Mwaka 1977 Israeli ilikuwa imepata mteja wa ndege zake za Kfir, Ekwado, na Rais Carter akazuia kwa sababu injini ilikuwa ya Marekani. Mwaka 1978 Sweden ilitaka kuiuzia India ndege za Viggen. Ikazuiwa kwa sababu hiyohiyo. Na Waturuki wenyewe, mwaka 2018 walikubaliana na Pakistani kuiuzia helikopta 30 za T129, mkataba ukasainiwa, picha zikapigwa, halafu kibali cha injini hakikutoka Washington. Pakistani ikasubiri mpaka ikachoka. Mwenye injini ndiye aliyeshika mpini, wengine wote wameshika makali. Sisi tuliowahi kuona Airbus A220 za ATCL, shirika letu la ndege, zikiegeshwa chini kwa sababu ya matatizo ya injini, huku abiria wamejaa kiwanjani, tunapaswa kulielewa hili kabla ya watu wengine wote.

Kwa hiyo Fidan hakufichua aibu. Alisema ukweli, na alipaswa kuusema miaka mitano mapema.

Hasira yangu ya pili ni kwa serikali yake. KAAN ilitolewa hadharani Machi 2023, ikapewa jina Mei 1, na uchaguzi ulikuwa Mei 14. Hilo halihitaji maelezo. Nchi ambayo mfumuko wa bei ulivuka asilimia 85 Oktoba 2022, ambayo mama anarudi sokoni na nusu ya kikapu, haipaswi kugeuziwa mradi wa miaka ishirini kuwa bango la kampeni. Kila mwanasiasa anapotaja tarehe kubwa jukwaani, kuna mhandisi mahali anayejua kwamba haiwezekani na hawezi kusema. Halafu mwaka 2025 wakasaini kuiuzia Indonesia KAAN 48. Ndege 48, kwa injini ambayo kibali chake hata cha matumizi yao wenyewe kinasumbua! Kisa cha Pakistani hakina hata miaka kumi. Oktoba mwaka huohuo wakasaini na Uingereza mkataba wa ndege za kivita za Typhoon 20 kwa pauni bilioni 8, na hilo naliona ni jambo la busara, kwa sababu linakiri kimyakimya kwamba pengo lipo na F-16 zinazeeka.

Wapo wanaouliza ndege hizi zitampiga nani. Mkurdi, ambaye jeshi la Uturuki limepigana na wapiganaji wa jamii yake kwa miongo, ana kila haki ya kuuliza hivyo, na sina jibu la kumridhisha.

Lakini kwa wale wanaofanya kazi yenyewe nina heshima isiyo na masharti. Oktoba 23, 2024 washambuliaji wawili waliingia kwenye lango la TUSAŞ pale Kahramankazan wakiwa na bunduki na mabomu, watu watano wakauawa. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda kazini. Wenzao walirudi kwenye meza zao kuendelea na michoro ileile. Ukimcheka mtu wa namna hiyo kwa sababu hajamaliza, unamcheka kwa sababu ameanza.

Na sisi Waafrika tuna sababu ya ziada ya kutocheka. Machi 1964, pale Helwan, Misri ya Nasser ilirusha ndege ya kivita ya HA-300. Mchoro ulianzia kwa Mjerumani Willy Messerschmitt, rubani alikuwa Mhindi, Kapil Bhargava, injini ya muda ilikuwa ya Kiingereza. Pembeni, Mwaustria Ferdinand Brandner alikuwa anaiundia injini yake, E-300, na India ilishiriki kwa sababu nayo ilikuwa na ndege isiyo na injini ya kutosha. Wamisri walikuwa wamekaribia. Mwaka 1969 mradi ukafutwa, fedha zimekwisha, vita ya 1967 imeshawavunja mgongo. Baadaye Misri ikarudi kununua. Mpaka leo inanunua.

TEI sasa ina kazi ya TF35000, injini ya msukumo wa pauni 35,000 inayokusudiwa kuibeba KAAN. Nyuma yake kuna TF6000 na TF10000, ndogo zaidi, na TS1400 ya helikopta ya Gökbey, ambayo mapanga yake ya fuwele moja walishirikiana na TÜBİTAK, taasisi ya utafiti ya serikali, kuyapata. Hiyo ndiyo ngazi, na wanaipanda kwa mpangilio unaoeleweka. Ila kutoka injini ya helikopta hadi injini ya ndege ya kivita ni mbali, na Uturuki inaweza kuishia njiani kama Misri kama bajeti ya TEI itakatwa kila lira inapoporomoka, au kama wahandisi wake vijana wataendelea kuhamia Ujerumani na Uholanzi kufuata mshahara.

Waandishi wa Uturuki waache kuuliza KAAN itaruka lini tena. Waulize TF35000 itawashwa lini kwenye kitanda cha majaribio, imekaa saa ngapi kwenye nguvu kamili bila kufunguliwa, mapanga yake yamepasuka mara ngapi na kwa sababu gani. Waziri atakayejibu maswali hayo hadharani, hata kwa majibu mabaya, nitamsikiliza.